Tiketi ya Kuzunguka Dunia Ukianzia Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huletwa kaunta, kwenye simu, na hata barazani baada ya Magharibi pale mtu anapokumbuka kwamba mimi ndiye "yule wa tiketi". Karibu yote huanza na bei, na majibu yangu mengi huishia kwenye pasipoti. Nimeyapa nambari ili pale jibu linapokuwa limeshatolewa nikurejeshe huko badala ya kulirudia.

## Mambo ya mwanzo

1. Tiketi ya kuzunguka dunia ni kitu gani hasa?

Ni tiketi moja yenye safari nyingi ndani yake. Inakutoa nchi moja, inakuvusha Atlantiki mara moja na Pasifiki mara moja, kisha inakurudisha kwenye nchi uliyoanzia. Huuzwa na miungano ya mashirika ya ndege, kwa sababu hakuna shirika moja linalofika kila mahali.

Miungano miwili ndiyo yenye tiketi zinazojulikana zaidi. Star Alliance ina Ethiopian, Turkish, Singapore Airlines, ANA ya Japani, United na Lufthansa, miongoni mwa wengine. oneworld ina Qatar Airways, British Airways, Japan Airlines, Qantas na American, na mwaka 2025 Oman Air nayo ikaingia, habari iliyowafurahisha watu wengi hapa mjini wenye jamaa Muscat.

Masharti ya msingi yanafanana: safari isipungue siku 10 wala isizidi mwaka mmoja, vipande, yaani safari moja moja zilizo ndani ya tiketi, visizidi 16, na uende upande mmoja tu, mashariki au magharibi.

2. Upande mmoja maana yake siwezi kurudi nyuma hata kidogo?

Unaweza, ila ndani ya eneo moja. Katika mambo ya nauli, dunia imegawanywa maeneo matatu: la kwanza ni Amerika zote; la pili Ulaya pamoja na Afrika na Mashariki ya Kati; la tatu Asia pamoja na Australia na visiwa vya Pasifiki. Kinachokatazwa ni kuruka toka eneo moja kwenda jingine kisha kurudi ulikotoka. Ukiwa Asia waweza kwenda Tokyo ukarudi Bangkok halafu ukaendelea, mradi tiketi ina nafasi ya vipande hivyo. Ukishavuka Pasifiki, Asia imefungwa.

3. Star Alliance na oneworld zinatofautiana vipi katika hesabu?

Star Alliance inahesabu maili. Kuna viwango, na vinavyotumika sana ni maili 29,000, 34,000 na 39,000. Kila maili unayopaa inahesabiwa, na hata kipande unachokwenda kwa basi au treni kati ya viwanja viwili kinaingia kwenye hesabu.

Tiketi maarufu ya oneworld inahesabu mabara, kuanzia matatu hadi sita. Hapa kuna mtego kwetu: Mashariki ya Kati imeunganishwa na Ulaya. Ukitoka Nairobi ukapita Doha kuingia Asia, umeshahesabiwa Afrika, Ulaya na Asia kabla hujaona Amerika hata kwa mbali.

Tuchukue mfano wa maili. Mombasa hadi Addis Ababa ni kama 900. Addis hadi Singapore 4,510. Singapore hadi Tokyo 3,330. Tokyo hadi Los Angeles 5,450. Los Angeles hadi Newark, jirani na New York, 2,450. Newark hadi London 3,460. London hadi Addis 3,680, kisha 900 za kurudi nyumbani. Jumla ni kama maili 24,700. Ndani ya kiwango cha 29,000 umebaki na zaidi ya 4,000 za kuchezea, na hapo ndipo watu hujiongezea Bangkok au Toronto. Maili unazipima mwenyewe bure kwenye tovuti ya Great Circle Mapper. Andika alama za viwanja tu, ya Mombasa ni MBA.

4. Mbona husemi Kenya Airways?

Kenya Airways iko SkyTeam, muungano mwingine kabisa, na ni mwanachama kamili tangu 2010. Ni ndege nzuri kwa anayejenga safari yake vipande vipande (swali la 7), hasa ile ya Nairobi hadi New York iliyoanza Oktoba 2018, kwani inakuvusha Atlantiki kwa safari moja tu. Lakini huwezi kuipachika ndani ya tiketi ya Star Alliance wala ya oneworld.

5. Naweza kuanzia Mombasa, au ni lazima Nairobi?

Star Alliance unaweza kuanzia hapa hapa uwanja wa Moi, kwa kuwa Ethiopian inatua Mombasa ikitoka Addis Ababa. Kwa oneworld, wengi huanzia Nairobi.

Kwenda Nairobi una ndege za ndani, au treni ya SGR toka Miritini. Daraja la kawaida ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024, na ukishuka Syokimau, uwanja wa Jomo Kenyatta uko karibu. Mimi napenda treni kwa sababu moja: begi kubwa halinitii wasiwasi. Ila usifike siku ile ile ya ndege. Sababu iko swali la 20.

## Bei

6. Basi ni shilingi ngapi?

Daraja la kawaida mara nyingi linaangukia kati ya dola 3,000 na 6,000 pamoja na kodi. Ukichukua dola 3,500 kwa shilingi 129, hiyo ni 451,500. Bei inategemea kiwango cha maili au mabara, nchi unayoanzia, na kodi za viwanja unavyopita. London ni ghali kuondokea kwa sababu ya kodi ya abiria ya Uingereza. Ukipita tu na kuunganisha ndani ya saa 24 hiyo kodi haikuhusu, ila viza inakuhusu (swali la 11).

7. Ni rahisi kuliko kukata tiketi moja moja?

Mara nyingi hapana. Nalisema hili ingawa nauza tiketi.

Tiketi ya kuzunguka dunia inashinda ukiwa na vituo sita au zaidi, vikiwa mbali mbali, na ukitaka uhuru wa kubadilisha tarehe. Ukiwa na vituo vitatu au vinne kwenye njia zenye ushindani, vipande vinaweza kuishinda. Toka Mombasa hadi Dubai kuna flydubai tangu Januari 2024. Kusini-mashariki mwa Asia kuna AirAsia na Scoot. Kutoka Tokyo kuvuka Pasifiki kuna ZIPAIR, na Atlantiki ina Norse. Hizo ni ndege za bei nafuu kweli, ila chakula, begi na hata kiti unachochagua unalipia kivyake. Ongeza hayo yote kwanza ndipo ulinganishe.

Kuna njia ya tatu ambayo watu huisahau: tiketi ya kwenda na kurudi yenye vituo kadhaa katikati, bila kuizunguka dunia. Mama mmoja alitaka kuwaona watoto wake watatu: mmoja Muscat, mmoja London, mmoja Toronto. Alikuja na karatasi aliyochora mwanawe, duara zuri kabisa kuzunguka dunia, limepita Tokyo ambako hana mtu. Tukakaa, nikamwuliza, "Mama, Tokyo unakwenda kwa nani?" Akacheka. Tulimkatia Mombasa hadi Muscat, Muscat hadi London, London hadi Toronto, na Toronto kurudi nyumbani. Hakuvuka Pasifiki, na alilipa chini sana ya bei ya lile duara.

Kabla hujatafuta tiketi ya kuzunguka dunia, jiulize kama unataka kuizunguka au unataka kufika mahali kadhaa.

8. Nimeambiwa nikianzia nchi nyingine bei inashuka. Ni kweli?

Ni kweli. Njia ile ile, ndege zile zile, bei yake hubadilika kulingana na nchi unayoanzia. Wasafiri wa daraja la biashara hufukuzia tofauti hii hadi Cairo, Johannesburg, Colombo au Oslo.

Kwa mwenye pasipoti ya Kenya, Johannesburg ndiyo rahisi kujaribu, kwa kuwa tangu Januari 2023 tunaingia Afrika Kusini bila viza kwa hadi siku 90 kwa mwaka. Lakini ongeza nauli ya kufika huko na ya kurudi, kwa kuwa tiketi inakurudisha ilikoanzia, yaani Afrika Kusini na si Mombasa. Kwa daraja la kawaida, faida mara nyingi huliwa yote njiani.

9. Nunue siku gani? Jumanne usiku?

Jumanne haina muujiza wowote. Kufuta historia ya kivinjari pia hakuna muujiza. Kwenye tiketi za kuzunguka dunia nauli imewekwa tayari. Kinachokosekana ni nafasi za daraja lile la nauli kwenye ndege unayoitaka. Zinakwisha mapema Disemba, Julai na Agosti, wakati wa mwaka mpya wa Kichina kwa njia za Asia, na karibu na Idi kwa njia za Ghuba. Miezi mitatu hadi sita kabla ni wakati mzuri.

## Pasipoti na viza

10. Nianze na tiketi au na viza?

Viza. Hapa ndipo safari za Wakenya huamuliwa, kuliko kwenye bei. Mzungu anayeandika ushauri wa tiketi hizi mtandaoni anachora njia kisha anatafuta nauli. Sisi tunachora njia kwa kufuata milango iliyo wazi, halafu nauli inakuja yenyewe.

Ubalozi hautaki tiketi iliyolipiwa. Wengi wanataka ratiba tu. Ajenti anaweza kukushikia nafasi akakupa karatasi yenye safari zote bila wewe kulipa, ingawa nafasi hizo hufa baada ya siku chache. Ukilipa kwanza na viza ikakataliwa, utarudishiwa kile sharti la nauli linachoruhusu, na wakati mwingine ni kodi peke yake.

Zianze zile ngumu: Marekani, Uingereza, Kanada, na Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya. Ofisi zao ziko Nairobi, kwa hiyo bajeti yako iwe na safari moja au mbili za kwenda kuweka alama za vidole. Ada ya viza ya Schengen ni euro 90 tangu Juni 2024, na wanataka bima isiyopungua euro 30,000.

Ukiwa na viza ya Marekani, milango mingine hulegea. Meksiko, kwa mfano, inampokea mwenye viza hai ya Marekani, Kanada, Japani, Uingereza au Schengen bila kumdai viza yake.

11. Sitoki uwanjani, napita tu. Bado nahitaji viza?

Swali hili ndilo lililowaliza watu wengi kuliko yote.

Marekani haina kupita tu. Hata ukishuka Los Angeles kwa saa mbili kupanda ndege nyingine, unapita uhamiaji, na lazima uwe na viza. Kanada vivyo hivyo kwa Mkenya, ingawa ni viza ya kupita.

Uingereza inamdai Mkenya viza ya kupita hata asipovuka mpaka. Mwenye viza hai ya Marekani, Kanada, Australia au New Zealand husamehewa hiyo ya ndani ya uwanja, basi hapo tena viza ya Marekani inakulipa. Nchi za Schengen zina orodha ya pamoja ambayo Kenya haimo, lakini kila nchi ina ruhusa ya kuongeza yake, kwa hiyo angalia nchi husika karibu na siku ya safari. Australia ina viza ya kupita isiyolipiwa, kwa wanaopita ndani ya saa 72.

Anayekuzuia kwanza ni karani wa kaunta ya kupimia mizigo. Afisa wa uhamiaji wa ng'ambo hata hamjaonana. Shirika likikupakia bila karatasi hutozwa faini na kulazimika kukurudisha, ndiyo maana yule dada hatakuonea huruma hata ukilia.

12. Nchi gani tunaingia bila viza kwenye njia hii?

Kwa safari fupi za utalii: Singapore, Malaysia na Ufilipino upande wa Asia, Fiji katikati ya Pasifiki, Barbados na Jamaika ng'ambo ya pili, Afrika Kusini na Ethiopia kwa majirani. Kila moja ina idadi yake ya siku na inaweza kukuuliza tiketi ya kuondoka. Tiketi ya kuzunguka dunia yenyewe ni jibu la swali hilo. Ichapishe uiweke pamoja na pasipoti.

Pasipoti iwe na uhai wa zaidi ya miezi sita hata siku ya mwisho ya safari. Ukiomba mpya kwa eCitizen, lipia yenye kurasa nyingi. Kurasa 34 zinaisha haraka kuliko unavyodhani, kwa kuwa viza ya kubandika hula ukurasa mzima.

13. Safari yangu ni ya miezi kumi. Viza hazitaisha njiani?

Zitaisha, na kuomba nyingine ukiwa nchi ya watu ni taabu, kwani balozi nyingi hupokea raia na wakaazi wa pale tu. Viza ya Japani ya kuingia mara moja, kwa mfano, lazima uitumie ndani ya miezi mitatu tangu itolewe. Kwa hiyo ukitaka Japani, iweke mwanzoni. Zile zenye umri mrefu, kama ya Marekani ya kuingia mara nyingi, ziwe mwisho wa njia. Hii peke yake hufanya wengi wetu waende mashariki kwanza. Na kusema kweli, kwa pasipoti yetu miezi mitatu au minne inatosha. Mwaka mzima uachie wenye pasipoti nyekundu.

14. Naweza kuvuka Pasifiki bila kugusa Marekani?

Ndiyo, kwa shida kidogo. ANA na Aeromexico huruka Tokyo hadi Mexico City, na viza ya Japani ya kuingia mara nyingi hukuingiza Meksiko ikiwa bado hai (swali la 10). Qantas huruka Sydney hadi Santiago, ambako Chile itakudai viza yake. Kutoka São Paulo, Ethiopian inakurudisha Addis bila kupita Ulaya. Njia hii ya kusini naipenda, ila Qantas na Ethiopian si muungano mmoja, kwa hiyo haiwi tiketi moja. Na hesabu maili, maana kusini mwa dunia viwanja viko mbali mbali.

15. Na ile kadi ya manjano?

Usiondoke bila yake. Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na nchi nyingi za Asia na Australia zitakuuliza cheti. Tangu Julai 2016 chanjo moja inatosha maisha yote, kwa hiyo kama ile ya zamani imeandikwa miaka kumi, bado inafanya kazi. Chanjwa angalau siku kumi kabla.

## Kulipa

16. Nitajuaje kama tiketi niliyouziwa ni ya kweli?

Tazama vitu viwili. Cha kwanza ni alama ya nafasi, herufi na tarakimu sita. Cha pili ni nambari ya tiketi, tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika lililotoa tiketi. Za Ethiopian ni 071.

Alama sita peke yake si tiketi. Ni nafasi iliyoshikwa, na inaweza kufa usiku huo huo. Kijana alinijia na karatasi imechapishwa rangi, nembo ya shirika juu, jina lake, tarehe, hata kiti 32A. Alikuwa amemtumia mtu wa mtandaoni pesa zote. Nikaipitisha kalamu toka juu hadi chini nikitafuta zile tarakimu 13. Hazikuwepo. Tulipoingiza alama zake sita kwenye tovuti ya shirika, nafasi ilikuwa imefutwa siku nne nyuma.

Fanya hivyo mwenyewe kabla hujalipa salio. Ajenti pia mwulize kama ana leseni ya IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, na kama yumo katika chama cha maajenti wa safari, KATA. Mkweli hakasiriki kwa swali hilo.

17. Naweza kulipa kwa M-Pesa?

Kwa ajenti, ndiyo. Kumbuka kikomo: shilingi 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku. Tiketi ya 451,500 italipwa kwa mara mbili, na ya daraja la biashara ni heri uende benki. Lipa kwa till au paybill ya kampuni, kamwe si kwa nambari ya mtu binafsi. Tovuti za nje zinazotaka kadi unaweza kuzilipia kwa kadi ya GlobalPay iliyo ndani ya M-Pesa yako.

18. Jina langu limeandikwa tofauti kwenye tiketi. Ni shida?

Ni shida kubwa, na kwetu Pwani ndiyo kawaida. Mohamed, Mohammed na Muhammad ni mtu mmoja msikitini, si uwanjani. Fatma na Fatuma vivyo hivyo. Usimtamkie ajenti jina kwenye simu. Mtumie picha ya ukurasa wa pasipoti. Ukiona kosa, sema siku ile ile, kabla tiketi haijaanza kutumika, maana kwenye tiketi ya mashirika sita kusahihisha herufi moja ni kuitoa tiketi yote upya.

## Ukishaondoka

19. Nikiamua kutopanda kipande kimoja?

Vyote vinavyofuata vinafutwa. Tiketi inatumika kwa mfuatano. Ukitaka kwenda kwa basi badala ya ndege, mwambie aliyetoa tiketi mapema akiandike kama kipande cha ardhini. Kubadilisha tarehe kwa kawaida hakuna ada ikiwa nafasi zipo. Kubadilisha miji kuna ada, na kodi huhesabiwa upya.

20. Kuna ubaya gani kuunganisha tiketi mbili tofauti?

Kila shirika linajua tiketi yake tu. Mwaka mmoja nilijikatia ya Mombasa hadi Nairobi kivyake, na ya Nairobi kwenda ng'ambo kivyake, nikajipa saa tatu katikati nikajiona mjanja. Ndege ya asubuhi ikachelewa, wakatugawia maji na keki ndogo, ikachelewa tena. Nilifika kaunta ya pili nikivuja jasho, kikapu cha maembe ya shangazi mkononi, na mlango ulikuwa umefungwa dakika kumi na mbili. Kwao mimi nilikuwa abiria asiyetokea. Tiketi ilikufa, maembe nikayagawa.

Ingekuwa tiketi moja, wangenipangia ndege nyingine bila malipo. Ukilazimika kuunganisha tofauti, lala usiku mmoja katikati.

21. Mzigo je?

Kwa jumla kilo 23, na mara nyingi begi mbili ukigusa Amerika. Soma tiketi yako kipande kwa kipande. La kuogopa zaidi ni vyakula. Achari, dagaa, nyama kavu na mbegu tangaza kwenye fomu ukiingia Australia au Marekani. Ukitangaza, la zaidi watakunyang'anya. Ukificha, utalipa faini.

## Mambo ya pembeni

22. Nataka kuingiza Umra katika safari. Inawezekana?

Inawezekana, na ramani inatusaidia: Mombasa na Jeddah ziko karibu mstari mmoja kaskazini kwa kusini, nyuzi 39 na ushei mashariki zote mbili. Kwa hiyo Jeddah haikupeleki mashariki wala magharibi. Iko ndani ya eneo letu (swali la 2). Iweke kituo cha kwanza au cha mwisho, ukipitia Addis. Ushauri wangu ni cha mwisho, uje nyumbani moja kwa moja toka huko. Lakini panga viza ya Saudia kwa ajenti wa Umra mapema, na epuka Ramadhani kama unajali bei. Hija ni jambo jingine kabisa. Haichanganyiki na tiketi hii.

23. Mimi ni baharia, napanda meli Singapore na kushukia Houston. Hii inanifaa?

Hapana. Mabaharia wana nauli zao, zinazokatwa na kampuni inayokupeleka melini, zenye kilo za ziada na urahisi wa kubadilisha tarehe meli ikichelewa. Usikate yako mwenyewe kisha udai kurudishiwa.

24. Mtoto analipa kiasi gani?

Kwa kawaida chini ya miaka miwili asiyekalia kiti ni asilimia 10, na wa miaka 2 hadi 11 ni kama asilimia 75. Akitimiza miaka miwili njiani, atahitaji kiti chake kuanzia hapo. Sema tarehe ya kuzaliwa mapema.

25. Nataka kurudi baada ya miezi kumi na moja na nusu, lakini mfumo haunipi tarehe hiyo.

Ndege hufunguliwa kama siku 330 hadi 360 kabla. Kata vipande vya mwisho kwa tarehe ya karibu iliyopo, kisha isogeze mbele nafasi zikifunguliwa, kwa utaratibu wa swali la 19. Usisahau kuisogeza. Mteja wangu mmoja alisahau, akanipigia akiwa Auckland saa nane za usiku wetu, siku mbili baada ya ndege yake ya Los Angeles kuondoka.

26. Nimeona tiketi inasema naondoka Tokyo Jumamosi jioni na kufika Los Angeles Jumamosi asubuhi. Ni kosa?

Si kosa. Umevuka mstari wa tarehe ukielekea mashariki, na Jumamosi unaipata mara mbili. Anayekwenda magharibi hupoteza siku nzima. Angalia hilo unapokata hoteli, maana kosa la kawaida ni kulipia usiku ambao haupo.